Elma Karppinen na Mstari Uliokatwa kwa Penseli

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mbali kwa barabara niliyoisafisha theluji mwenyewe alfajiri ya leo: tuko hapa kanisani Saarivaara, Jumamosi tarehe 31 Januari 2009, kumsindikiza Elma Tyyne Karppinen. Mimi ni Oiva, mwanawe wa pekee. Mchungaji aliniomba niandike maisha ya marehemu kwa ukurasa mmoja, kwa heshima, na bila kujiingiza mwenyewe. Heshima nimejitahidi. Hayo mengine mawili yamenishinda, na mtaona kwa nini.

Elma alizaliwa tarehe 14 Februari 1934 katika kitongoji cha Ylivaara, upande wa mashariki wa Kainuu, mtoto wa tatu kati ya watano wa Heikki na Reeta Kemppainen. Alizaliwa ndani ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kama ndugu zake wote, kwa sababu siku hizo hapakuwa na mahali pengine nyumbani penye joto, maji ya moto na usafi kwa pamoja. Vita vilipofika mpakani mwishoni mwa Novemba 1939, familia iliambiwa iondoke kabla ya jua kuzama. Bibi Reeta hakuanza na mizigo. Alipasha sauna moto, akawaogesha watoto wote watano mmoja mmoja, ndipo akawafunga mablanketi na kuwapandisha kwenye sleji ya kuburutwa juu ya theluji. Alisema hajui wataoga tena lini. Waliporudi, nyumba ilikuwa majivu na bomba la moshi. Sauna ilikuwa imesimama. Familia nzima ilikaa humo majira ya baridi mawili, watu saba na ndama mmoja, na Elma alipenda kusema kwamba mahali pale pamewahi kuwa kwake hospitali, nyumba, shule na kanisa, ila duka tu.

Alisoma shule ya msingi ya Saarivaara kuanzia mwaka 1941 hadi 1947, vita vikimkatiza katikati. Alikwenda akiteleza juu ya theluji kwa skii, kilomita sita asubuhi na sita jioni. Ripoti yake ya mwisho ninayo. Hesabu nzuri, kusoma vizuri sana, na chini mwalimu ameandika kwa mkono: “Elma huzungumza zaidi ya inavyohitajika.” Naomba mlikumbuke hilo, kwa maana wengi wenu mliomjua katikati ya maisha yake hamtaliamini.

Mwaka 1951, akiwa na miaka kumi na saba, alichukua kazi ya upishi katika kambi za wakata miti, na akaifanya kwa miaka mitano. Wanaume arobaini, msitu, na binti mmoja mwenye mwiko. Wazee wa kambi walinisimulia kwamba jamaa mmoja aliwahi kulalamika kuwa uji una madonge. Elma alimkabidhi mwiko, akamwambia kesho apike yeye, akarudi kulala. Jamaa akapika. Kesho yake wenzake thelathini na tisa walimbeba juujuu hadi mlangoni kwa mpishi akaombe radhi. Kambi ile ile alikuwapo kijana mpole wa kusukuma magogo mtoni, Vilho Karppinen, ambaye kila jioni kwa majira ya baridi mazima alimletea ndoo mbili za maji jikoni na kuondoka bila neno. Mwezi Machi Elma alichoka kungoja akamuuliza kama analeta maji au analeta posa. Vilho akafikiri, akajibu, “Vyote viwili.” Walifunga ndoa Jumamosi ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, tarehe 23 Juni 1956, wakahamia kwa wazazi wa Vilho hapa Saarivaara.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kunyamaza.

Mpango ulikuwa Elma ajifungulie hospitali ya mjini. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi 1958 dhoruba ya theluji ilifunga barabara, na gari la kuisafisha likakwama lenyewe kwenye mtelemko wa Honkala. Bibi Loviisa, mama wa baba yangu, hakubabaika. Yeye alikuwa amezaa watoto saba kwenye sauna ya nyumba hiyo. Aliipasha moto, akatandika mashuka safi, na Alhamisi tarehe 6, saa nne asubuhi, nilizaliwa mimi, kilo nne na ushee, mzima kabisa. Kondo la nyuma halikutoka. Damu ndiyo iliyotoka, na haikukoma. Bibi alifanya yote aliyoyajua, na alijua mengi. Mkunga alifika kwa skii saa nane mchana na kulitoa kondo kwa mkono. Alikadiria Elma amepoteza zaidi ya nusu ya damu yake. Walimpeleka kwa farasi hadi barabara kuu, akaongezewa damu hospitalini, akalala wiki tatu, akarudi nyumbani akitembea. Kahawa ikapikwa, majirani wakamshukuru Mungu, na kila mtu akaona shari imepita.

Baadaye watu wamenitania kwamba nimekuwa dereva wa greda la theluji ili kulipiza. Inawezekana. Nimeifungua barabara ile ya Honkala kwa miaka ishirini na saba na haijasaidia lolote.

Maziwa hayakuja. Bibi Loviisa alimnywesha supu ya samaki, bia ya nyumbani, kila alichokijua, na kifua cha Elma kikabaki kikavu kana kwamba hajazaa. Nililelewa kwa maziwa ya ng'ombe aliyeitwa Omena, yaliyochanganywa na maji. Hedhi yake haikurudi tena. Nyusi zilipukutika, na nywele za mwilini. Nilipofika miaka mitatu, mama alikuwa mtu wa kulala. Aliamka, akakamua ng'ombe, akalala, akapika, akalala. Sauti ilikuwa nzito na ya taratibu. Alivaa soksi za sufu mwezi Julai. Asubuhi nyingine alikaa kitandani hadi saa tatu akitetemeka, kichwa kikimzunguka kila aliposimama, na chakula kilikuwa hakimvutii. Yule aliyekuwa akizungumza zaidi ya inavyohitajika aliweza kumaliza siku nzima bila sentensi moja.

Kijiji kilikuwa na majibu. Wengine walisema ni huzuni ya uzazi, wengine uvivu, na wengine, namshukuru Mungu hawapo tena niwataje, walisema Karppinen ameoa mpishi akaletewa gunia. Daktari mmoja alimpa madini ya chuma. Mwingine vidonge vya mishipa. Wa tatu, mwaka 1969, aliona uzito wa sauti na ule wepesi wa kuhisi baridi, akasema ni tezi ya shingoni, akampa dawa yake. Alikisia nusu, na nusu ile karibu imuue: wiki ya pili mama alianguka zizini, shinikizo la damu likiwa halipimiki, na dawa ikasimamishwa. Baada ya hapo hatukuuliza tena mtu. Baba alichota maji, akachanja kuni, akamfunika blanketi. Sikuwahi kumsikia akimlalamikia.

Julai 1976 tulikuwa tunavuna nyasi, na baba akajikata mguu kwa fyekeo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikampeleka yeye pamoja na mama kwa trekta hadi kituo cha afya. Alikuwapo daktari kijana wa zamu ya kiangazi, mwanamke wa mji mkuu, Helsinki, jina lake Marketta Sointu. Alikuwa akimshona baba mguu, lakini macho yake yalikuwa kwa mama. Sisi sote tulikuwa tumeiva kwa jua kama mkate. Mama alikuwa amefanya kazi shambani wiki nzima, mikono wazi, na alikuwa mweupe kama mshumaa, amevaa sweta, hana nyusi.

“Mama, wewe jua halikushiki?” daktari akamuuliza.

“Siku hizi halinishiki,” mama akajibu.

“Siku hizi tangu lini?”

Mama akanitazama mimi. Daktari naye akanitazama, akaacha uzi ukining'inia kwenye mguu wa baba.

“Huyu kijana, ulimnyonyesha?”

Ni baba aliyejibu. “Ng'ombe ndiye aliyemnyonyesha.”

Miaka kumi na minane, madaktari watatu, na hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Daktari Sointu alimaliza kushona, akatoka nje, akarudi na ganda la njegere alilolichuma kwenye bustani ya kituo. Alitoa punje moja akaiweka kwenye kiganja cha mama. Akamwambia kwamba chini ya ubongo, katikati ya kichwa, kuna tezi ya ukubwa huo, inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayoziamrisha nyingine: tezi ya shingoni inayotia mwili moto, tezi za juu ya figo zinazousaidia mwili kuhimili homa na mshtuko, mayai ya uzazi, maziwa, hata ile rangi ambayo jua huleta kwenye ngozi. Mwanamke akiwa mjamzito tezi hii huvimba na kutaka damu nyingi. Damu ikimwagika ghafla wakati wa kujifungua, tezi hukosa, na sehemu yake kubwa hufa.

“Kwa hiyo zile nyingine ni nzima?” mama aliuliza.

“Ni nzima. Zimekaa tu zinangoja amri.”

Mama aliifunga ile punje kiganjani akaja nayo hadi nyumbani.

Septemba mwaka huo alilazwa hospitali kubwa ya Oulu. Walimpima damu ya asubuhi na mapema, ambapo homoni iitwayo kotisoli, ile ya tezi za juu ya figo, huwa juu kwa mtu mwenye afya, wakaikuta karibu haipo. Homoni ya tezi ya shingoni ilikuwa chini, na ile amri kutoka kichwani, ambayo ilipaswa kupiga kelele kwa upungufu huo, ilikuwa kimya. Walimshusha sukari kwa sindano, daktari amesimama kando ya kitanda, waone kama mwili utashtuka ujitetee. Haukushtuka. Miaka mingi baadaye, mwaka 1994, alipigwa picha kwa mashine ya sumaku, na pale mahali pa tezi pakaonekana karibu patupu. Niliuliza kama ingeweza kuwa kitu kingine. Daktari alisema wengine hupata hali hiyo kwa uvimbe kwenye tezi yenyewe, au pigo la kichwa, au mionzi ya matibabu, au maambukizi, na wengine huzaliwa nayo. Kwa mama, alisema, hapakuwa na haja ya kutafuta mbali. Hakunitazama aliposema hivyo, na nilimshukuru.

Walianza na haidrokotisoni, yaani kotisoli ya vidonge, mara tatu kwa siku. Wiki moja baadaye ndipo wakaongeza dawa ya tezi ya shingoni, kwa maana ukianza na hii ya pili unauchochea mwili ambao hauna akiba, na hicho ndicho kilichomwangusha mwaka 1969. Baadaye wakampa na homoni za kike. Waliwahi kumpendekezea sindano ya homoni ya ukuaji, miaka ya tisini, wakieleza kwamba humwongezea nguvu hata mtu mzima. Alijibu kwamba yeye ameshamaliza kukua.

Siku ya tatu baada ya vidonge vya kwanza, niliingia wodini na kumkuta mwanamke ameketi kitandani akimweleza mgonjwa mwenzake namna uji wa hospitali unavyoharibiwa. Mikono inapepea. Nilidhani nimekosea chumba. Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na minane, na siku hiyo ndipo nilipokutana na mama yangu. Nililia pale pale mbele ya wauguzi na sioni aibu kuliandika.

Alirudi nyumbani, akafua mapazia yote, akapaka rangi jiko, akamgombeza paka. Jioni aliketi mezani mbele ya baba akamuuliza kwa nini amekaa kimya miaka yote hii, asimwambie kwamba amebadilika.

“Ulikuwa umelala,” baba akasema. “Sikutaka kukuamsha.”

Kabla hajaondoka kurudi kusini, Daktari Sointu alikuja kututembelea. Aliandika karatasi kwa wino, mistari minne, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe. Wa kwanza: vidonge kila siku, usiruke hata kimoja. Wa pili: ukiwa na homa, kunywa maradufu. Wa tatu: ukitapika, sindano ya haidrokotisoni papo hapo, kisha ita gari la wagonjwa. Wa nne: siku ya kuumwa usiingie sauna. Alituambia sababu. Mtu mwenye tezi nzima akiumwa, mwili wake huongeza kotisoli wenyewe. Elma hana wa kuiongeza ila mkono wake. Kidonge kilichotapikwa ni sawa na kidonge kisichomezwa. Na joto kali humtoa mtu maji na chumvi, likailegeza mishipa, na mwili usio na kotisoli hauwezi kulishika shinikizo la damu lisiporomoke.

Mama alisoma mistari yote minne. Kisha akaichukua penseli ya baba ya useremala, akaukata ule wa nne mbele ya macho ya daktari.

“Daktari, haya matatu nimeyapokea. Hili la nne umeliandika kwa sababu umetoka Helsinki.”

Sote tulicheka. Daktari naye alicheka. Mtu aliyezaliwa kwenye sauna, akalelewa kwenye sauna baada ya vita, unamwambiaje kwamba siku anayoumwa ndiyo siku asiyoruhusiwa? Kwetu siku ya kuumwa ndiyo sauna ilijengewa. Hata damu yake ilipomwagikia mle, hakuichukia. Alisema ile ilikuwa kazi ya dhoruba.

Miaka thelathini na miwili iliyofuata ilikuwa mizuri, na nisiiruke kwa sababu tu mwisho unanivuta. Alipika katika shule ya Saarivaara toka mwaka 1978 hadi alipostaafu 1997, na nusu ya mliomo humu mmeshiba kwa mkono wake. Aliimba kwaya hii hapa, sauti ya pili, kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Alimkaribisha mke wangu Pirjo kwa kumwambia ukweli wote kuhusu mimi siku ya kwanza. Vidonge alivimeza kwa saa, cha kwanza kabla mguu haujagusa sakafu. Mara mbili, mwaka 1983 na 1991, alitapika, na mara zote mbili baba alimdunga paja bila kuuliza, na kabla ya saa moja kwisha ameketi anadai kahawa. Zote zilikuwa siku za kazi, si Jumamosi, siku yetu ya sauna. Siku nyingine alikuwa na homa tu, ikaangukia Jumamosi, akaongeza vidonge, akaoga sauna, na hakuna kilichotokea. Ndivyo ule mstari wa nne ulivyozidi kufifia. Hatukuukaidi. Tuliuzoea umekatwa.

Baba alifariki kwa moyo tarehe 2 Oktoba 1998. Mwaka mmoja kabla alinifundisha sindano. Vichupa vilivyopita muda alivitunza kwa ajili hiyo, tukavichanganya na kudunga kiazi mezani, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Alikuwa mtu wa kurudia. Kila mwaka muuguzi alipoleta vichupa vipya, nilichukua vya zamani na kudunga kiazi. Nilikuwa tayari kuliko mtu yeyote katika wilaya hii.

Jumamosi tarehe 17 Januari mwaka huu nilifika kwa mama saa saba mchana, kama kila Jumamosi. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Ugonjwa wa tumbo ulikuwa umeenea kijijini wiki ile, nanyi mnajua. Nilimkuta mezani amejifunga shali mbili, uso umesawajika, ndoo iko miguuni.

“Mama, umetapika mara ngapi?”

“Mbili. Ya pili ilikuwa ndogo, haihesabiki.”

“Vidonge?”

“Nimekunywa maradufu, mwanangu. Mimi si mtoto.”

“Ulivinywa kabla au baada ya kutapika?”

Akasema hakumbuki mpangilio. Nilifungua kabati. Nilimwambia karatasi inasema ukitapika, sindano.

“Karatasi inasema mengi. Mimi nasikia baridi tu, Oiva. Baridi ile ya zamani. Pasha sauna. Nikitoka mle bado naumwa, utanidunga upendavyo, hata mara mbili.”

“Na mstari wa nne?”

“Upi?” akasema. “Mimi naona mitatu.”

Nikacheka. Hilo ndilo nililokuja kuwasomea leo, mengine yote ni njia ya kulifikia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye mkebe wa sindano, najua kuidunga nikiwa nimefumba macho, na nilicheka, nikaenda kuchukua kuni. Aliponiambia “baridi ile ya zamani” nilipaswa kusikia ugonjwa wake. Nilisikia Jumamosi.

Sauna ilikuwa tayari saa tisa alasiri. Alikwenda kwa miguu yake, nimemshika kiwiko. Aliketi ubao wa chini, usio na joto kali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, nalo nikaliona, nikafurahi kwamba anajihadhari. Nilikaa chumba cha kuvulia nguo, mlango ukiwa umeegeshwa. Nilimsikia akimwagia mawe ya moto maji mara moja. Mara ya pili. Kisha sikusikia tena. Nilimwita. Nilipoingia alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, akizungumza taratibu na mtu aliyemwita Reeta, mama yake.

Nilimbeba hadi chumba cha kuvulia nguo, nikamlaza juu ya koti la baba. Nilikimbia jikoni, mita arobaini, nikarudi na mkebe. Nikapiga simu, nikaiweka sakafuni huku naongea. Nilichanganya kichupa, nikavuta, nikatoa hewa, nikadunga paja. Nilifanya kila kitu kama kwenye kiazi. Gari la wagonjwa lilikuwa kilomita sabini. Barabara ilikuwa safi. Nilikuwa nimeisafisha mwenyewe asubuhi. Wakati nangoja, nimeshika mkono wake, alifumbua macho akaniona kuwa ni mimi.

“Joto zuri, Oiva,” akasema. “Leo limeingia hadi ndani.”

Hakusema tena. Elma Karppinen alifariki saa kumi kasoro dakika tano alasiri. Gari liliingia uani saa kumi na dakika ishirini. Wahudumu walifanya kazi yao hata hivyo, muda mrefu, kwa adabu.

Tangu siku hiyo mmekuja na mikate na sahani za nyama, na wote mmeniambia kwamba si kosa langu, kwamba alikuwa na miaka sabini na minne, kwamba alitaka mwenyewe. Nawashukuru kwa mikate. Nilimpigia simu Daktari Sointu, ambaye amestaafu, nikamweleza yote kwa saa na dakika.

“Ungemdunga uliposhuka garini, pengine angekula chakula cha jioni na wewe,” akasema. “Pengine. Sijui, Oiva. Sitakudanganya. Na mimi nilikuwapo alipoukata, nikacheka.”

Hayo ndiyo maneno pekee niliyoweza kulala nayo.

Jumatatu nilikwenda kufunga nyumba. Nilifungua kabati la vikombe nikasimama mbele ya ile karatasi. Miaka thelathini na miwili nimeisoma kila nilipotaka kikombe. Daktari aliandika kwa wino. Mama alikata kwa penseli. Nilichukua kifutio kwenye kikasha cha michezo ya binti yangu Saana, kipande kidogo cha rangi ya waridi, nikakipitisha mara tano au sita. Mstari wa nne ukarudi, unasomeka wote, haukudhurika mahali popote. Ilikuwa kazi ya nusu dakika.

Karatasi hiyo mtaikuta imechapishwa nyuma ya kijitabu hiki cha mazishi, mistari minne. Sina mafundisho. Ila kama nyumbani kwenu yuko mwanamke aliyetokwa damu nyingi akijifungua, maziwa yasije, na tangu hapo amekuwa wa kulala na wa baridi, msimwite mvivu. Muulizeni lile swali la kunyonyesha, kisha mpelekeni kwa daktari.

Elma ametanguliwa na mumewe Vilho, na kaka na dada zake watatu. Ameacha dada yake mdogo, Helvi Moilanen wa Kajaani. Mwanawe Oiva na mkwewe Pirjo. Mjukuu wake Saana, ambaye ataimba sasa hivi. Paka asiye na jina. Na punje moja ya njegere, imekauka na kuwa ngumu kama changarawe, tuliyoikuta ndani ya sanduku lake la vidonge. Tumemwekea kiganjani.

Baada ya kaburi, karibuni wote kwa kahawa katika ukumbi wa parokia. Sauna ya Saarivaara leo haitapashwa moto.

Lala, mama. Popote ulipo, baridi isikufikie.